Sindano Kwenye Kidole Gumba

"Asilimia tisini na moja," alisema mwalimu wa kompyuta. "Mashine haina ndugu wala adui. Insha hii imenakiliwa."

Mwalimu mkuu alivua miwani. Mezani kwake palikuwa na insha ya mwisho ya binti wa fundi cherehani, ile inayobeba nusu ya alama zote za lugha, na pembeni yake karatasi ya programu inayokagua wizi wa maandishi. Kila mstari uliofanana na wa mtu mwingine ulipakwa rangi nyekundu. Ukurasa ulikuwa mwekundu toka juu hadi chini. Akikutwa na hatia, binti atafutiwa mtihani, na kwa kidato cha mwisho hiyo ni sawa na kufungiwa mlango.

"Na aliyeibiwa ni huyu hapa," mwalimu wa kompyuta akaendelea, akinipiga begani. "Kaka yetu Nukta mwenyewe."

Nukta ni mimi. Wanafunzi walinibandika jina hilo kwa sababu sentensi isiyo na nukta hunipandisha mori, na walimu wenzangu wakalidaka. Mwaka wa kumi na tisa huu nafundisha lugha. Nina hasira za karibu na simung'unyi maneno, lakini asubuhi ile nilijifanya naisoma karatasi nyekundu.

Maana nilijua.

Tangu zamani, mwanafunzi akiandika vizuri, mwalimu huichukua insha yake akaenda kuisoma darasa la jirani. Haombi ruhusa, wala hataji jina, mtoto asije akavimba kichwa. Walimu wangu walifanya hivyo, nami nikarithi. Miaka miwili iliyopita tulipoletewa tovuti ya masomo, tukaambiwa kila shule ipakie kazi za kubuni, niliona ni darasa la jirani tu, kubwa kidogo. Nikaichukua insha ya binti huyu, wakati huo yuko kidato cha pili, nikaichapa, nikaibadilisha mwisho. Tovuti ikadai jina la mwandishi, la sivyo haipokei. Nikaweka langu. Nilijiambia nitalibadilisha kesho.

Kesho haikufika. Insha ikasomwa shule nyingi, nikatangazwa Mwalimu Mbunifu wa Mwaka, nikapewa cheti. Kilikuwa kinaning'inia ukutani palepale ofisini, juu ya kichwa cha mwalimu mkuu.

Binti alikuwa anajua, kwa sababu tovuti hiyohiyo anaisoma darasani. Miaka miwili amekuwa akinisalimia kila siku na hakuwahi kutamka lolote. Kumbe hakuiacha insha yake. Aliendelea kuinyoosha hadi akaona inafaa kwa mtihani, na sasa alikuwa amesimama mbele yetu, mikono nyuma, macho sakafuni.

"Una la kusema?" mwalimu mkuu alimuuliza.

"Mwalimu anajua," alijibu.

"Mwalimu anajua nini?"

Hakuinua macho. Mimi nikanyamaza, na hilo litaniuma mpaka naingia kaburini.

Mama yake aliitwa kutoka kazini, futi ya kupimia bado iko shingoni. "Mwalimu wangu," aliniambia, "kama mwanangu kakuibia, mwenye kosa ni mimi niliyemlea. Nisamehe."

Mwalimu mkuu akanisogezea barua. "Saini hapa, kama mlalamikaji."

Nikashika kalamu. Mwalimu wa kompyuta, ili mzazi aelewe, akaanza kusoma mistari myekundu kwa sauti.

"'Kidole gumba cha mama hakikunjiki. Ndani yake mna ncha ya sindano iliyovunjikia humo siku baba alipofariki. Amekataa itolewe. Kukiwa na baridi humuuma, naye hutuambia: baba yenu ananisalimia.'"

Mama aliinuka. Akaja taratibu mpaka mezani, akaweka kidole gumba chake juu ya barua yangu.

"Ni hiki," alisema. Hakuwa anagombana, alikuwa anauliza kweli. "Mwalimu, hii sindano uliijuaje? Zaidi ya wanangu sijamwambia mtu."

Ofisi nzima ilinitazama. Kabla sijafungua mdomo, binti akasema:

"Mama, si ulimshonea mwalimu suti ya kupokelea cheti? Labda ulimwambia ulipokuwa unampima."

Mama akafikiri. "Labda," alisema. "Kichwa changu nacho siku hizi. Labda nilisema."

Nilikasirika. Kwanza nilimkasirikia binti kwa kunionea huruma mimi, mtu mzima, kisha hasira ikageuka ikanirudia yote. Mtoto wa miaka kumi na saba alikuwa radhi kufutiwa mtihani, ilimradi mwalimu wake asiaibike mbele za watu.

"Hukuniambia, mama," nilisema. "Siku ile ulinipima, ukaandika vipimo, basi. Nimeisoma kwa mwanao. Insha ni yake. Mwizi ni mimi."

"Kaka, acha utani," mwalimu wa kompyuta alicheka. Hakuna aliyemsaidia kucheka.

Nikaenda kwenye kabati langu, nikarudi na daftari la binti la kidato cha pili, ambalo sikumrudishia. Pembeni mwa insha, kwa wino wangu mwekundu, kulikuwa na tarehe na maneno haya: Safi sana! Naichukua nikaisome kwingine.

Mwalimu mkuu alisoma mara mbili. Akanyanyuka, akakitoa cheti ukutani, akakilaza kifudifudi mezani. "Binti, mtihani wako hauna doa. Nukta, wewe baki."

Mama hakunitazama. Alimshika mwanawe mkono. "Twende ukanisomee yote," alisema. "Sikujua unaniandika."

Mlangoni binti aligeuka. "Mwalimu, kule mwisho uliandika mama akalia mpaka asubuhi."

"Ndiyo." Niliona wasomaji wanapenda machozi.

"Hakulia. Alimaliza kwanza sare za watu, ndipo akaja msibani."

Wakatoka. Mwalimu mkuu akanisukumia kompyuta, tovuti ikiwa wazi. Nikafuta jina langu, nikaandika lake, kisha nikafungua daftari ukurasa wa mwisho wa insha, nikaanza kuchapa alivyoandika yeye.