Ngamia Hajasoma

Yakub alikuwa ameapa hatakanyaga tena kule bondeni. Lakini siku hiyo wingu lilikuwa limetanda zito juu ya Garissa, na habaryar Batula, mdogo wa marehemu mama yake, alikuwa anakaa kule kule, nyumba ya tatu kutoka laga, korongo linalopitisha maji ya mvua.

Nyumba mia mbili za watu wasio na kitu, zote zimerundikwa kando ya korongo moja kavu! Wafugaji waliomalizwa na ukame, wajane, wachukuzi wa sokoni. Na ramani ilichorwa na nani? Na Yakub, msomi wetu wa ofisi ya ardhi. Mwanzoni zilipangiwa mtaani kwake, juu, penye kiwanja kitupu. Majirani wakaja juu: watatuletea wizi hawa. Yakub akaisogeza kalamu hadi bondeni, nao wakamwandalia chai ya maziwa ya ngamia. Akainywa yote.

Batula alimpokea kwa dua, kama kawaida yake.

"Habaryar, funga virago. Laga itajaa."

Akacheka. "Wee! Mtoto wa mfugaji anaogopa mvua? Siku ile nahamia, ngamia wangu wa mwisho alikataa kulala hapa. Tulimvuta, tukamsukuma, wapi! Kwetu Sangailu ngamia akikataa mahali, tunahama. Lakini nikasema, ngamia hajasoma. Yakub wangu amesoma, na ndiye aliyepachagua."

Yakub angeweza kusingizia amri ya ofisi.

"Nilijua maji hupita hapa," akasema. "Majirani zangu hawakutaka maskini karibu, nami nikaogopa kuchukiwa. Sikujua kama wewe utapewa nyumba humu."

"Ungejua?"

"Ningekataa."

Laiti angeyameza maneno hayo. Batula akakunja msala wake, akafunga kibuyu chake cha maziwa kwa kamba, akaketi kizingitini.

"Kwa hiyo hawa wengine hawana mtoto wa dada ofisini. Haya, anza nyumba ya kwanza. Waambie vile vile ulivyoniambia mimi. Nitatoka wa mwisho."

Ngurumo ikapiga. Yakub akaenda, miguu mizito, aibu imemjaa hadi masikioni, akabisha hodi.

Alifungua Rukiyo, mjane, mtoto mgongoni. Alipomwona, uso ukamchangamka, akageuka kuita ndani:

"Leteni kiti! Ni Yakub wa Batula, yule aliyetupatia nyumba."