Barabara Imepokelewa

Mwishehe alirudi kutoka sala ya Ijumaa akakuta mkokoteni wake haupo. Lilibaki jiwe la kuzuia gurudumu tu, limekaa peke yake mbele ya nyumba kama mgeni aliyekosa mwenyeji. Ndani, mkewe Tabu alikuwa ameushika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. Uchungu ulimwanza alfajiri, na huku nyuma, Mwishehe akisali, mkunga alikuwa amekwisha sema yale ambayo wakunga wa Temeke hawayasemi ovyo: mtoto amekaa vibaya, mpelekeni hospitali.

"Wameuchukua askari wa mji," alisema mama mkwe wake, Mwanabaraka, bila kumtazama. "Nimewaambia mwenyewe yuko msikitini. Wakanijibu, bibi, hapa ni barabarani."

Barabarani. Na aliyepafanya barabara ni nani kama si Mwishehe?

Miaka michache nyuma hapo palikuwa mchanga mtupu. Hata kuku akitaka kuvuka alitia nia kwanza. Mtoto wake wa kwanza alifia katika mchanga huo, gari la hospitali limezama, dereva anapiga honi kana kwamba mchanga una masikio. Baada ya arobaini Mwishehe akaanza kusomba makumbi ya nazi kwa mkokoteni na kuyafukia njiani, na juu yake vifusi vya mawe. Mtaa ukambandika jina, Bwana Barabara. Walimcheka mpaka wakachoka, kisha wakatoka na majembe yao, na kila Jumapili ikawa ya msaragambo, mtaa mzima kazini bila ujira.

Ilipokwisha wakaenda ofisi ya mji kuomba ipokelewe, maana barabara isiyopokelewa haina mtaro, haina fagio, wala gari la hospitali halina tena ruhusa ya kuingia. Wakubwa wakaja na kamba, wakapima, wakasema ni nyembamba. Ipanuliwe, ndipo itapokelewa. Kupanua maana yake kukata baraza za nyumba, na baraza ndipo mtu anaponywea kahawa, anapopokelea posa, anapokalia msiba. Watu wakasita. Mwishehe akaanza na nyumba aliyokuwa akiishi, ya mama mkwe. Akaivunja baraza aliyoikalia yule bibi tangu ujana wake, akautoa na upenu wa ubavuni ambako mkokoteni ulikuwa ukilala. Mwanabaraka alizoa vipande vya udongo kwa ungo, akasema tu, "Ikileta gari, baba, mie nitasimama."

Basi barabara ikapokelewa. Dua ikasomwa, wali wa nazi ukaliwa. Wiki ya pili kikasimikwa kibao: ni marufuku kusimamisha chombo chochote barabarani bila kibali. Wengi hawakujua kusoma, wakakisifia rangi.

Sasa Mwishehe alikimbia dukani kwa Fakihi, penye simu. Hospitali wakajibu kwamba gari lao ni moja na limekwenda upande wa Bunju. Akatoka hapo mbio hadi kwenye uwanja wa vyombo vilivyokamatwa.

Karani wa pale aliitwa Gaspar, kijana aliyefunga tai hata kwa joto lile. Mwishehe, aliyemzidi umri mara mbili, akamwamkia shikamoo. Karani akaipokea.

"Mke wangu ana uchungu, bwana. Niazime huo mkokoteni, nitaurudisha mwenyewe."

"Utauazima mkokoteni wako?"

"Hata hivyo, bwana."

Gaspar aliutazama mkokoteni kupitia dirishani, umefungwa mnyororo kwenye nguzo, magurudumu yake bado yana vumbi jekundu la Temeke. Akaeleza kwamba mwenye ufunguo ni Bwana Mkubwa, na Ijumaa mchana Bwana Mkubwa huwa kwenye gofu. Aje Jumatatu.

"Mtoto hangoji Jumatatu."

"Si nyie mlioitaka barabara?" Hakuuliza kwa ubaya, alitaka kujua kweli. "Dole gumba lako nimeliona mwenyewe kwenye maombi. Mmepewa, sasa mnataka iwe uchochoro."

Akarudi nyumbani mikono mitupu. Mwinjuma, mwenziwe wa kuuvuta mkokoteni ule ule, alikuwa amekwisha wakusanya wanaume. Wakakinyanyua kitanda cha kamba na Tabu juu yake, wanawake wakazungusha kanga pande zote, Mwanabaraka akafuata akisoma kwa sauti ya chini. Barabara ilikuwa nzuri. Hakuna mguu uliozama.

Walipofika penye kibao Tabu aliitoa kanga mdomoni.

"Niwekeni chini kidogo, baba Saidi."

Saidi ndiye yule wa mchangani. Wakamweka chini.

Askari wa mji alishuka baiskeli. Akaona kanga, akaona damu iliyopita kwenye kamba, akageuza uso pembeni, lakini hakuondoka.

"Nyanyueni. Hapa hakisimamishwi chombo."

"Hiki ni kitanda, afande," Mwinjuma alisema.

"Kimesimama. Bwana Mkubwa anapita hapa jioni, mie nitasema nini? Kiwekeni pembeni."

Mwishehe akatafuta hiyo pembeni. Kushoto kuta, kulia kuta, zimekatwa sawasawa kama mkate, na barabara imegusa milango. Kwa macho akapapitia mahali zilipokuwa baraza, ya kwa Somoe, ya kwa Sadallah, ya kwa mwalimu wa chuo, zote pana za kutosha kitanda.

"Nyanyueni," akawaambia wenzake yeye mwenyewe.

Tabu alikata roho kabla hawajaliona daraja la njia ya hospitali. Mtoto hakutoka.

Asubuhi, baada ya mazishi, watu wa msiba walibanana uani, kwa kuwa mbele ya nyumba hapakuwa na pa kukaa. Ndipo alipokuja mfagiaji wa kwanza kuletwa na mji mtaani hapo: Albano, mtu wa kusini, na fagio jipya na ndoo ya mchanga. Chini ya kibao palikuwa na doa lililokauka. Mwishehe alikuwa amechuchumaa karibu yake.

"Pole, kaka," Albano alisema.

"Hilo liache."

"Nikiliacha nitaulizwa."

Akamwaga mchanga, akaushindilia kwa kisigino, akafagia juu yake mara mbili. Kisha akamwomba Mwishehe asogee, maana alikuwa amekaa barabarani.