Aliyelala Koridoni

Fundi cherehani alikuwa na siku nne hajagusa kitanda. Mumewe, fundi bomba, alikuwa amelazwa wodi ya wanaume, figo zimegoma, naye akawa anashinda kwenye benchi la koridoni akisubiri kutumwa dawa. Siku ya tano, saa sita mchana, usingizi ukambeba palepale alipoketi: kichwa nyuma, mdomo wazi, kiatu kimoja mguuni na kingine uvunguni mwa benchi, anakoroma kama mashine ya kusaga.

Benchi la mbele aliketi msusi aliyekuja kumwona mama yake. Akatoa simu, akamrekodi, akaandika, "Wengine wamelazwa, wengine wamehamia kabisa," akairusha mtandaoni. Hakuwa na chuki naye. Alikuwa anapoteza muda tu.

Fundi alipoamka, kitanda cha mumewe kilikuwa kitupu. Wauguzi wakamwambia amepelekwa chumba cha mashine ya kusafisha damu, ndugu hawaruhusiwi. Saa tisa mumewe akafariki.

Video ilimkuta msibani. Wifi yake, dada wa marehemu, aliiona kwenye simu ya jirani aliyekuwa anabana kicheko, akampokonya. Alitaka kuificha, lakini nyumba iliyojaa watu haifichi kitu. Fundi akaiona. Watu elfu arobaini walishaicheka. Mmoja alishauri atiwe soksi mdomoni. Fundi aliyasoma maneno yale kama anavyosoma vipimo vya mteja, kifua, kiuno, urefu, kisha akarudisha simu na kuuliza kama wageni wamepata chai.

Hakulia. Hata makaburini hakulia, na hilo nalo watu wakalisema. Ilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu ukafa ganzi, ila kwake ulikuwa mwili mzima.

Wifi ndiye aliyekataa yaishe hivyo. Akaulizia huku na huku, na wiki ya tatu akaingia kibandani kwa fundi amemshika msusi mkono kama polisi. Msusi alikuwa ameshaifuta video, ingawa wengine walishaihifadhi na kuirusha upya. Akapiga magoti kwenye vipande vya vitambaa, akaomba msamaha, akalia yeye.

Fundi akasimamisha cherehani.

"Mwishoni mwa video kuna gurudumu linapita kando yangu," alisema. "Na ncha ya blanketi. Blanketi lile ni letu."

Msusi akajifuta pua. "Niliikata, mama. Ilikuwa ndefu."

"Nzima unayo?"

Alikuwa nayo. Wakainamia simu wote watatu. Fundi akajiona anakoroma, kisha kitanda kikatokea kinasukumwa na muuguzi, mumewe juu yake. Muuguzi alisimama, akanyoosha mkono kumgusa fundi bega amwamshe. Mgonjwa akatikisa kichwa. Akainua kidole polepole, kama mtu anayenyanyua ndoo, akakiweka mdomoni: mwache alale. Akamtazama mkewe mpaka kitanda kilipopita. Baada ya hapo ni kuta tu, na kicheko cha msusi.

Wifi akatoka nje, wakamsikia analia ukutani.

Fundi aliomba irudiwe. Akaomba tena. Majuma matatu alikuwa amejiambia kwamba mumewe aliondolewa peke yake kama mzigo, mkewe akiwa amelala. Sasa alijua, na kujua kwenyewe hakukumwingia. Kulikaa tu pale, kama barua isiyofunguliwa.

"Nitumie hiyo," alisema. "Watu wa mtandaoni usiwape. Ila palepale ulipoandika utani, andika mimi ni nani na siku ile ilikuwa siku gani."

"Nimuweke na yeye? Watu wakimwona wataelewa."

"Yeye usimweke. Inatosha walivyoniona mimi."

Msusi akaandika hapohapo, fundi akamsahihisha mara mbili. Mpaka jioni walikuwa wamesoma watu mia tatu. Wachache wakatoa pole, mmoja akauliza ile video ya kuchekesha imeenda wapi.

Msusi alipoondoka, fundi alirudi kwenye gauni la mteja. Uzi ulikatika, akajaribu kuutunga upya. Haukuingia. Akajaribu tena, vidole vinacheza, akavitazama kana kwamba ni vya mtu mwingine.

"Wifi," aliita, sauti ileile ya kila siku, "njoo unitungie sindano."