Mhasibu Aliyegoma Kurudi

Wafanyakazi walimwita Bi Kanuni, naye alijua. Alikuwa afisa rasilimali watu wa kampuni ya bima, na zamani kazi yake ilikuwa kusuluhisha waliogombana ofisini. Siku hizi hata hao wa kugombana hawakuonekana. Tangu watu waruhusiwe kufanyia kazi nyumbani, ofisi ilibaki na viti na mlinzi. Mkurugenzi akatoa amri: wote warudi. Amri yake, lawama za Bi Kanuni.

Wengi walirudi shingo upande. Mhasibu mmoja alikuja siku moja tu, kisha akakataa katakata. Leo mgongo, kesho mtandao, keshokutwa mgongo tena. Bi Kanuni akajifunga kibwebwe, akamfuata kwake.

Mke wa mhasibu alifungua mlango, kidole mdomoni. "Shii! Yuko mkutanoni." Alipojua mgeni ni nani, akamshika mikono yote miwili. "Dada yangu! Umekuja kumchukua?"

Jikoni alimwaga yote. Meza ya chakula imekuwa ofisi, wenyewe wanakula sahani zikiwa mapajani. Blenda marufuku hadi saa kumi. Mama mkwe akitaka kukohoa, anatoka uani. "Na juzi kaniita kikao cha kutathmini utendaji wangu. Eti upande wa mchuzi bado nina nafasi ya kuboresha!"

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia apike, ajitathmini mwenyewe."

Bi Kanuni alibana kicheko. Alikuwa na kanuni za likizo, za uzazi, za misiba. Ya wake waliochoshwa na ofisi sebuleni hakuwa nayo.

Mara mhasibu akatokea, shati na tai juu, bukta chini. Alimwona mgeni, akarudi nyuma ya kiti.

"Sikatai kurudi," alisema baada ya salamu. "Ila nirudi wapi, mama? Mliondoa meza zetu, mkasema kila mtu akae popote. Siku niliyokuja nilipata nafasi kando ya mashine ya fotokopi, kila anayepita ananiomba nimpishe. Nikisalimia, vijana wameziba masikio na vipokea sauti. Nimekuwa mgeni kazini kwangu."

Hapo Bi Kanuni hakucheka. Meza za wote zilisifiwa sana na wakubwa, yeye akiwemo, na wakubwa wote walibaki na vyumba vyao.

"Ofisi yangu ina nafasi ya meza mbili," alisema. "Njoo tukae wote. Ila suruali ni lazima."

Mhasibu akarudi. Wiki ya kwanza alimkosoa Bi Kanuni namna anavyopanga mafaili, akafungua mlango na kumsalimia kila aliyepita, kwa sauti, mpaka vijana wakaanza kuvua vipokea sauti kabla ya kufika pale. Wengine walianza kuingia kupiga soga. Bi Kanuni hakupata utulivu tena, lakini hakumfukuza.

Halafu mke akapiga simu. "Dada, nyumba imepoa mno. Jana nimejikuta naongea na jokofu. Alhamisi niachieni mume wangu."

"Alhamisi tuna kikao. Chukua Ijumaa."

"Ijumaa nafua mapazia, sitaki ushauri wake."

Walivutana kama watu wa chama cha wafanyakazi, wakakubaliana Jumatano. Mhasibu mwenyewe alipewa taarifa jioni, akivua viatu mlangoni.