Neno la Huku na Neno la Kule

Asubuhi moja mume wa fundi cherehani alivuka daraja kwenda zamu yake kwenye tanuri la mikate. Adhuhuri kiongozi wa upinzani akapigwa risasi kwenye ngazi za mahakama. Redio ya serikali ikasema amefariki. Wafuasi wake wakasema ameuawa. Mwanzoni watu waligombania neno hilo tu, kwenye foleni na vibarazani. Kisha wakachomeana maduka. Halafu bunduki zikatoka, na daraja likawekwa vizuizi viwili. Kule ng'ambo ukisema "ameuawa", hupiti. Huku ukisema "amefariki", hupiti.

Shida ni kwamba mume wa fundi, aliyekwama kule, hakuwa na neno hata moja kati ya hayo. Kwake kila marehemu "ametangulia", hata paka wa jirani.

"Sikiliza, mume wangu," fundi alimwambia kwenye simu. "Kule, 'amefariki'. Katikati ya daraja umeze mate. Huku, 'ameuawa'. Rudia."

"Mama, ulimi wangu si cherehani, wa kubadilishwa uzi njiani."

"Rudia, wewe!"

Akawa anarudia kila walipozungumza. Fundi alishamkatia shati jipya. Mabega yale hakuhitaji futi kuyapima, ila alijiuliza kama bado yamejaa vilevile.

Mapigano yalipotulia kidogo, mume akavuka. Fundi, amesimama nyuma ya kizuizi cha huku, alimwona akiruhusiwa kule, kisha akija mikono juu, amekonda. Akakaribia hadi ikaonekana nafasi ya kifungo kilichokatika kifuani.

"Mzee, kiongozi wetu kafanywa nini?" mwenye bunduki akauliza.

Mume akamtazama mkewe. "Ametangulia."

"Kamtangulia nani? Umekuja kututania?" Wenzake wakacheka, lakini bunduki hazikushuka.

"Sema vizuri, mume wangu!"

"Nilivyokuona tu," akasema taratibu, "nimesahau lipi ni la huku."

"Kaka yangu, nakuomba," fundi akamsihi mwenye bunduki, "huyu ni mume wangu."

"Shemeji, hapa si darasani. Mzee, rudi ulikotoka. Bahati yako hujasema lile lao."

Mume akageuka. Fundi alitamani hata amshike mkono wa shati. Ndipo likamjia: kule ataulizwa tena. Na yeye ndiye aliyemkaririsha "ameuawa" mpaka akachoka. Ikiwa atalikumbuka sasa! Sahau, akamwomba kimoyomoyo, sahau yote niliyokufundisha.

Kwenye kizuizi cha kule mume alisimama muda mrefu kuliko alivyosimama huku. Kisha mti wa kizuizi ukainuliwa, wakampokea. Fundi akashusha pumzi, akashukuru kwamba mumewe yuko kwa wale watu. Akamwona anageuka kumtafuta. Akapunga mkono, akaendelea kupunga, ingawa kwa umbali ule hakujua kama anaonekana.