Bawlo, Jina la Nne

Mtu mzima na akili zangu, nimejikosesha kitambulisho kwa sababu ya nchi isiyokuwepo. Nitaeleza, mcheke mkipenda.

Miaka minne nimekuwa nikiibuni nchi hiyo kwenye daftari, chumbani kwetu mtaani Galbet. Humo meli za Warumi zilifika Tana inapomwagikia baharini, mabaharia wakaoa kwa wafugaji, na Kilatini chao kikageuka lugha mpya. Herufi P niliiua mapema, maana sisi Wasomali hutuponyoka ikawa B. “Pater” yao, yaani baba, ikawa “bader”. Mtandaoni nina wenzangu wa mchezo huu, na mmoja wa Romania alinisumbua wiki mbili: Waislamu wa nchi yako asilimia sitini na moja, sawa, lakini hao Wakristo ishirini na tisa wametoka wapi? Nilimjibu kwa familia. Nilichukua ukoo wangu mwenyewe, nikamng'oa babu Gedi, jina la nne baada ya langu, nikamweka Bawlo, yaani Paulo, aliyebatizwa kisimani. Nikaikariri orodha hiyo hadi ikakaa.

Mwaka 2022 chuo cha ualimu Nairobi kikaniita niripoti Jumatatu. Bila kitambulisho hata daraja la Tana huvuki, polisi wanakuteremsha. Nilikuwa nimerudishwa mara mbili kwa upungufu wa karatasi. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yangu ya mwisho mbele ya kamati ya wazee, ambao humtambua mtu kwa kumsikiliza akitaja baba zake. Baba yangu ni marehemu, kwa hiyo shahidi wangu alikuwa ndugu yake Maow, ninayemwita Adeer, yaani ami.

Mzee Abdinoor wa kamati hiyo aliniambia nihesabu baba zangu kwa Kiswahili, ili ofisa wa usajili aliyetoka Embu apate kuandika. Ni kitu ambacho mtoto wa Kisomali hukijua kabla hajajua kufunga viatu. Nikaanza: Hinda, Rage, Abdirahim, Nunow, Bawlo.

Kalamu ilisimama.

“Bawlo nani?” mzee akauliza. “Hiyo jina iko ya Mkristo.”

Nikasema nimekosea, ni Gedi. Ningeishia hapo. Lakini mimi nikiogopa huwa na maneno mengi, nikawaeleza daftari, Warumi, asilimia, nchi. Ofisa aliinua kichwa kwa mara ya kwanza.

“Kwa hivyo una nchi nyingine,” akasema.

Nililia. Sioni haya kusema nililia mbele ya wanaume saba. Nilimwomba Adeer awaambie tu kwamba mimi ni mtoto wa Rage, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyenichinjia mbuzi wa jina. Mzee Abdinoor akamuuliza kama ataapa. Adeer akavua kofia, akaivaa tena.

“Mimi najua ndugu yangu,” akasema. “Hii maneno ya huyu msichana mimi sijui. Kuapa siwesi.”

Faili likafungwa, akaitwa mwingine.

Barazani nilimshika mkono nikamhesabia majina yote, Gedi akiwa mahali pake, hadi la kumi na nne, bila kukosea. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema nimepatia yote, sasa twende nyumbani, na nisilie kwa sauti hapo, kwa kuwa binti yake Mulki anaingia mbele ya wazee hao hao Alhamisi ijayo, kuomba kitambulisho chake.