Foleni ya Jumapili Park Hill

Saa tisa alasiri Garmai Kollie alichungulia tena ndani ya ukumbi wa shule, akatoka amekunja uso. Tangu asubuhi, waliokuja kupiga kura kutoka majengo ya Park Hill hawakufika hata ishirini. Wale wa upande wa mlimani, waliotaka bustani ya kukimbizia mbwa, walikuwa wanateremka kwenye magari familia nzima nzima.

"Tunachapwa mchana kweupe," alisema Weedor, rafiki yake. "Na mbwa, jamani! Ningejua ningegombea mimi kuwa mbwa."

Garmai hakucheka. Alikuwa na miaka kumi na saba, na kwa miezi saba ndiye aliyewaongoza vijana wenzake tisa, karibu wote watoto wa wahamiaji wa Kiliberia. Jiji lilikuwa limetenga mfuko, wakazi wenyewe wachague kwa kura miradi mitatu ya kupewa fedha. Vijana hao waliomba chumba kilichofungwa kwa miaka chini ya jengo lao kigeuzwe jiko: mchana kina mama wapike na kuuza bila kufukuzwa, jioni wao wasomee humo. Ombi lao lilirudishwa mara tatu. La nne likapita. Sasa lilikuwa kwenye karatasi ya kura, na upigaji kura ungefungwa saa kumi na mbili.

"Twende sokoni," alisema.

Kina mama walikuwa wamepanga meza zao kando ya barabara kama kila Jumapili: kisamvu, pilipili, samaki wa moshi, chupa za mawese. Garmai alipanda juu ya kreti akahutubia kwa sauti yake yote. Wakamsikiliza, wakampigia makofi, kisha wakaendelea kuuza.

Aliyewazuia alikuwa Ma Tenneh, mkubwa wa soko. Asipoinuka yeye, hakuna anayeinuka.

"Umesema vizuri, mwanangu," alisema Ma Tenneh, mkono wake ukichambua pilipili. "Lakini jina langu haliingii kwenye karatasi ya serikali yoyote."

"Ma, jiko lenyewe ni lenu!"

"Usinipigie kelele. Mimi si mwenzio."

Garmai akashuka kwenye kreti. Uso ulimwaka kwa aibu. Akachuchumaa karibu na meza, akashusha sauti. "Nisamehe, Ma. Hebu niambie, unaogopa nini?"

Mama yule aliziacha pilipili. "Wakati wa vita, kwenye kambi ya wakimbizi ng'ambo ya mpaka, tuliandikishwa majina tupate mchele. Wiki ya pili wakaja watu wenye bunduki, na daftari mkononi mwao ni lile lile. Kaka yangu aliitwa kwa jina lake kamili. Mpaka leo hatujamwona."

 Miezi saba Garmai alikuwa amegawa vipeperushi, hakuwahi kumuuliza mtu swali hilo.

"Karatasi ya kura haina jina, Ma," alisema taratibu. "Mlangoni unaonyesha tu kwamba unaishi hapa. Hata bili ya umeme inatosha. Uraia hawaulizi, na hata mtoto wa miaka kumi na mmoja anapiga. Lakini usiniamini mimi. Njoo uone kwa macho yako. Wakikuuliza neno usilolipenda, tunageuka na kurudi."

"Na wakinishika?"

"Watatushika wawili."

Ma Tenneh alijifuta mikono kwenye lapa, kitambaa alichojifunga kiunoni, akamgeukia muuzaji wa meza ya jirani. "Musu, angalia meza yangu. Ukiuza kwa bei ya kutupa, nitajua."

Walipitia kwake kuchukua bili. Ukumbini Garmai alisimama nyuma yake. Karani aliangalia bili ya umeme, akairudisha, akampa karatasi na kalamu. Basi. Ma Tenneh alisimama kwenye kibanda cha kura hadi watu wakaanza kukohoa. Alipotoka alikuwa amebandikwa kifuani kibandiko cha rangi ya chungwa cha waliokwisha kupiga kura.

"Ndiyo imekwisha?"

"Imekwisha, Ma."

"Ala!"

Alirudi sokoni kwa mwendo ambao Garmai aliufuata kwa kukimbia. "Enyi wanawake!" alipaza sauti kabla hajafika. "Funikeni meza! Leteni bili za umeme! Na wajukuu wenu waliotimiza miaka kumi na mmoja, nao wanaruhusiwa!"

Soko likapasuka. Meza zikafunikwa khanga na maboksi, watu wakapanda ngazi kuita majirani, mvulana mmoja akavutwa kutoka kwenye mpira akilia. Weedor alitangulia mbele akipiga sufuria kwa mwiko, kina mama wakaitikia kwa wimbo wa kanisani. Walipofika shuleni zilibaki dakika kumi kura ifungwe. Foleni ilizunguka uwanja wote.

"Aliyekwisha kusimama kwenye mstari atapiga kura!" alitangaza karani. Uwanja ukazizima kwa shangwe.

Matokeo yalitoka Alhamisi. Bustani ya mbwa ilikuwa ya kwanza. Jiko lilikuwa la tatu. Garmai alisoma ujumbe huo darasani, akaruka juu ya kiti, akatolewa nje, akaendelea kuruka kwenye korido peke yake.

Jioni ile Ma Tenneh aliwaita vijana wote kumi na kina mama wa sokoni nyumbani kwake, akawapakulia wali na kisamvu.

"Tunahitaji kamati ya jiko," alisema. "Mwenyekiti ni Garmai."

"Mimi, Ma? Mbele yenu?"

"Mbele yetu. Ukikosea tutakwambia, midomo tunayo. Haya, mwenyekiti, kikao cha kwanza lini? Jumapili siwezi, nauza."

Garmai alimeza tonge, akavuta daftari. "Jumatatu, saa kumi na moja."

"Jumatatu," waliitikia.